Kiyoyozi cha Gari la Zamani: Usilipie Gesi Kabla ya Kuona Panapovuja



Mwezi huu hatuzungumzi juu ya mbegu wala samadi. Tunazungumza juu ya gari. Najua wengine watauliza, "Bwana Shamba na gari, wapi na wapi?" Jibu ni hili. Siku hizi vijiji vingi vina gari moja au mawili ya zamani, yaliyotoka Japani yakiwa yametumika. Gari hilo ndilo linalopeleka mayai mjini. Ndilo linalompeleka mgonjwa hospitali usiku. Mara nyingi ni mali ya kikundi. Watu walichanga fedha za alizeti au za maziwa, wakalinunua. Kwa hiyo fedha inayopotea katika gari hilo imetoka shambani.

Na fedha nyingi hupotea kwenye kiyoyozi. Kikundi kimoja cha wafugaji wa kuku kilinionyesha daftari lake la matumizi. Katika msimu mmoja walikuwa wameandika "kuongeza gesi" mara nne. Kila mara ubaridi ulikaa wiki mbili tatu, kisha ukaisha. Mara ya tano fundi alisema kompresa imekufa, inunuliwe nyingine. Walipofungua boneti tuliona waya mfupi mwekundu umefungwa mahali pasipo pake. Tutarudi kwenye waya huo, maana ndio ulioiua kompresa.

KIYOYOZI CHA NINI KIJIJINI?

Wapo wanaosema kiyoyozi ni anasa. Kama fedha ni kidogo, nakubaliana nao. Nunua tairi kwanza, tengeneza breki kwanza. Gari litatembea bila kiyoyozi.

Lakini fikiri juu ya masika. Mvua inanyesha, gari lina watu saba, madirisha yamefungwa. Vioo vinaingia ukungu kwa ndani. Dereva anafuta kwa kiganja, na bado anaona mita chache tu. Kiyoyozi huuondoa ukungu huo kwa dakika chache, kwa sababu hukausha hewa. Sasa fikiri juu ya kiangazi katika njia ya vumbi. Ndani yumo mama mwenye mtoto mchanga. Ukifungua dirisha wanakula vumbi. Ukifunga wanachemka.

Jambo moja tulielewe. Kiyoyozi si friji. Chanjo nyingi za mifugo hutakiwa kukaa katika ubaridi wa nyuzi 2 mpaka 8. Hewa ya ndani ya gari haifiki huko. Chanjo ibebwe katika sanduku la baridi lenye barafu, hata kama kiyoyozi ni kizima. Na vifaranga wa siku moja wasiwekwe mbele ya matundu ya baridi. Wao wanataka joto na hewa safi.

UBARIDI UNATOKA WAPI?

Mpaka maji kwenye mkono, kisha upulize. Utasikia baridi. Maji yanapokauka huchukua joto la ngozi na kwenda nalo. Mtungi wa udongo hupoza maji kwa njia hiyo hiyo. Unyevu hutoka nje ya mtungi, ukikauka huchukua joto, na maji ya ndani yanabaki baridi.

Kiyoyozi nacho hufanya hivyo. Tofauti ni kwamba kitu kinachokauka ndani yake hakitoki nje. Kinazunguka ndani ya mabomba, kinakauka na kurudi kuwa majimaji, tena na tena. Kitu hicho ndicho tunachokiita gesi.

Tuifuate gesi katika safari yake. Inaanzia kwenye kompresa. Hii ni pampu iliyofungwa kando ya injini, na injini huizungusha kwa mkanda. Kompresa huibana gesi, nayo gesi hupata moto. Kama umewahi kujaza upepo katika baiskeli, unajua jinsi pampu inavyopata moto upande wa chini. Kutoka hapo gesi huenda mbele ya gari, kwenye kondensa. Kondensa inafanana na rejeta nyembamba, na imekaa mbele ya rejeta yenyewe. Upepo huipoza gesi, nayo hugeuka kuwa majimaji. Majimaji hayo hupita katika chupa ndogo ya chuma yenye dawa ya kunyonya unyevu. Mafundi huiita draya.

Kisha hufika kwenye tundu jembamba sana. Hapo ndipo penye kazi yenyewe. Majimaji yakishapita tundu hilo hukuta nafasi kubwa na shinikizo dogo. Basi huchemka. Ndiyo, huchemka bila moto! Gesi inayotumika katika magari mengi, R134a, ikiachwa katika hewa ya kawaida huchemka kwenye nyuzi 26 chini ya sifuri. Inapochemka huchukua joto kutoka katika hewa ya ndani ya gari, nyuma ya dashibodi. Feni huipuliza hewa hiyo iliyopoa hadi usoni kwako. Gesi hurudi kwenye kompresa na kuanza safari upya.

Mambo mawili uyashike. La kwanza, gesi haiishi kama petroli. Haichomwi. Ikipungua, maana yake imevuja. Gari lililotembea miaka mingi linaweza kupoteza gesi kidogo kidogo kwenye mipira yake, na hilo si ajabu. Lakini gesi inayoisha kwa wiki tatu ina tundu. La pili, mafuta ya kulainisha kompresa husafiri pamoja na gesi. Gesi ikiwa kidogo, mafuta hayarudi.

ANZA NA YASIYO NA GHARAMA

Kabla ya kwenda kwa fundi, mjue ugonjwa. Washa injini, washa kiyoyozi, weka feni mwisho. Je, hewa inatoka kwenye matundu?

Kama haitoki kabisa, shida si gesi. Tazama fyuzi ya feni. Ikiwa imeungua weka nyingine ya kiasi kile kile, wala usiweke kubwa zaidi, na msumari usiujaribu. Kama hewa inatoka kidogo tu, fungua kidroo cha mbele ya abiria. Magari mengi yana kichujio cha hewa nyuma yake. Nimeona kimoja kilichokuwa kigumu kama tofali kwa vumbi. Kingine kilikuwa nyumba ya panya, na panya alikuwa ametandika pumba za mpunga humo. Gari linalolala karibu na ghala halikosi wageni hao. Wakishaingia hula na waya pia.

Kama hewa inatoka kwa nguvu lakini ni ya joto, fungua boneti na kutazama kompresa. Khanga, mikono ya shati na vidole vyote viwe mbali na mkanda. Utaona puli inazunguka wakati wote. Lakini katikati ya puli kuna sahani ya chuma. Mtu akiwasha kiyoyozi ndani, sahani hiyo inapaswa kulia "tak!" na kuanza kuzunguka pamoja na puli. Hiyo ndiyo klachi ya kompresa. Isipolia, ama umeme haufiki ama gesi imepungua. Tazama fyuzi zake kwanza.

Kuna dalili nyingine ninayopenda kuiuliza. Je, gari linapotembea kuna baridi, na likisimama joto linarudi? Kama ndivyo, usikimbilie gesi. Huenda kondensa haipati upepo. Gari likitembea, upepo wa njia husaidia. Likisimama linategemea feni ya mbele. Tazama kama feni hiyo inazunguka kiyoyozi kinapowashwa. Halafu tazama kondensa yenyewe. Huko kwetu huziba kwa matope, mbegu za majani, panzi na vipepeo. Zima injini, ngoja ipoe, kisha ioshe kwa maji ya mpira wa bustani, taratibu. Ukiweza peleka maji kutoka nyuma kwenda mbele, ili uchafu urudi ulikotoka. Usitumie mashine ya kuoshea magari kwa karibu. Mapezi yake ni laini kama karatasi, yakilala upepo haupiti tena. Kazi hiyo ni ya ndoo chache za maji, na mara nyingine ndiyo tiba yote. Injini nayo hufaidika, maana rejeta iliyo nyuma yake hupumua vizuri.

Baadhi ya magari ya zamani yana kijicho cha kioo juu ya draya. Kompresa ikifanya kazi, chungulia. Mapovu mengi yasiyokwisha huonyesha kwamba gesi imepungua. Lakini mapovu hayakuambii imetokea wapi.

WAYA MWEKUNDU

Waliolitengeneza gari walijua kwamba siku moja gesi itavuja. Kwa hiyo waliweka swichi ndogo kwenye bomba. Gesi ikipungua sana, swichi hukata umeme na kompresa husimama. Hiyo ni hisani kubwa. Kompresa isiyo na gesi haipati mafuta, na chuma kinachosuguana bila mafuta huisha upesi.

Sasa fundi mwenye haraka hufanya nini? Huchomoa soketi ya swichi hiyo na kuunganisha matundu yake mawili kwa kipande cha waya. Kompresa inaanza kuzunguka, ubaridi kidogo unatoka, mwenye gari anafurahi, fedha zinalipwa. Fundi anayejua kazi anaweza kufanya hivyo kwa muda mfupi sana wakati wa kupima, kisha anauondoa. Waya ukiachwa pale, kompresa itazunguka hata gesi ikiisha. Ndivyo ilivyokuwa kwa gari la wale wafugaji.

Hasara yake haikomei hapo. Kompresa inapokufa namna hiyo hutapika unga wa chuma ndani ya mabomba. Unga huo huenda kwenye kondensa na kwenye lile tundu jembamba. Ukifunga kompresa nyingine bila kusafisha mabomba na kubadilisha draya, nayo itakula unga ule ule. Kondensa za mifereji myembamba sana hazisafishiki vizuri, na mara nyingi hulazimu kuzibadilisha. Wale wafugaji niliwaambia wasinunue kompresa mpaka fundi aeleze kwanza unga utatolewaje. Mwenyekiti wao, mama mmoja mwenye maneno machache, alimwuliza fundi swali hilo mbele ya kikundi. Fundi alikaa kimya. Wakampelekea mwingine.

KUTAFUTA PANAPOVUJA

Gesi huwezi kuiona, lakini mafuta yanayosafiri nayo unaweza kuyaona. Panapovuja mafuta hutoka kidogo kidogo, na vumbi huganda juu yake. Pitisha macho kwenye mabomba yote, kiungo kwa kiungo, na mahali mpira unapoungana na chuma. Tazama uso wa kondensa, maana mawe ya njiani huupiga. Tazama na shingo ya kompresa, nyuma ya sahani. Ukiona doa jeusi lenye unyevu wakati sehemu nyingine ni kavu, hapo pana neno.

Injini ikiwa imezimwa, paka povu zito la sabuni mahali hapo. Kama bado kuna gesi ndani, povu litavimba na kutoa mapovu. Fundi mwenye vifaa hutumia rangi maalumu inayong'aa kwa taa ya zambarau, au kifaa kinacholia kinaponusa gesi. Kama unavuja nyuma ya dashibodi, povu halifiki, na hapo kifaa hicho kinahitajika.

Wewe ukomee kutazama na kupaka povu. Usifungue kiungo chochote. Tairi la gari dogo lina shinikizo la pauni 30 hivi. Upande wa juu wa kiyoyozi, wakati wa jua kali, unaweza kufika pauni 250. Na gesi inayoruka hugandisha ngozi. Ikiingia jichoni inaweza kulipofusha.

Panapovuja pakishajulikana, kazi ya fundi ni hii, na mwenye gari asimame aione. Aikusanye kwa mashine gesi iliyobaki, wala asiiachie hewani. Abadilishe sehemu mbovu, na mipira midogo ya duara ya viungo alivyovifungua. Abadilishe draya, maana ikishakaa wazi hunyonya unyevu wa hewa mpaka ikashiba. Aongeze mafuta ya kompresa ya aina inayotakiwa. Kisha afunge pampu ya kunyonya hewa kwa nusu saa au zaidi. Akiizima, mshale wa geji usipande. Ukipanda, bado panavuja au bado mna unyevu, na gesi isitiwe.

Mafundi wengi hupenda kuiruka hatua ya kunyonya, kwa sababu ni kukaa na kungoja. Usikubali. Unyevu ukibaki ndani huganda kuwa barafu kwenye lile tundu jembamba na kuliziba. Tena hutengeneza asidi inayokula vyuma kwa ndani.

Mwisho gesi itiwe kwa mizani. Chini ya boneti kuna kibandiko kinachosema aina ya gesi na kiasi chake, kwa mfano gramu 600. Kiasi hicho kifuatwe. Gesi ikizidi, ubaridi hupungua na shinikizo hupanda. Fundi anayesema "najua kwa kushika bomba" anabahatisha, na anabahatisha kwa fedha zenu.

GESI YA ZAMANI

Kama gari lenu lilitengenezwa kabla ya miaka ya 1992 mpaka 1994 hivi, huenda lilitoka kiwandani na gesi nyingine, R12. Gesi hiyo haiungui, na kwa kupoza ilikuwa nzuri. Lakini mwaka 1974 wataalamu wawili, Mario Molina na Sherwood Rowland, walionya kwamba gesi za jamaa hiyo hupanda juu angani na kuharibu ozoni, ambayo hutukinga na mionzi mikali ya jua. Mwaka 1985 Waingereza waliokuwa wakipima hewa huko Antaktika walitangaza kwamba ozoni ya huko imepungua sana. Mwaka 1987 mataifa yalipatana mjini Montreal kuziacha gesi hizo, na nchi zinazoendelea zilitakiwa ziwe zimeacha kuzitengeneza na kuzitumia ifikapo mwaka 2010.

R134a haiharibu ozoni, lakini nayo ina dosari. Kilo moja yake ikipotea hewani hushika joto la dunia zaidi ya kilo 1,000 za moshi wa kaboni. Kwa sababu hiyo mwaka 2016 mataifa yalikutana Kigali, Rwanda, wakapatana kuipunguza yeye na ndugu zake hatua kwa hatua. Sisi wakulima tunaongoja mvua isiyojulikana itakuja lini tuna sababu ya kukataa gesi iachiwe hewani ovyo.

Gari la R12 linaweza kubadilishwa litumie R134a. Lakini si kazi ya kumimina tu. Mafuta ya zamani hayachanganyiki na gesi mpya. Ni lazima R12 yote itolewe, mafuta yafaayo yatiwe, draya mpya ifungwe, na midomo ya kujazia ibadilishwe ili mtu asikosee baadaye. Kiasi cha gesi mpya huwa pungufu kidogo, kama sehemu 8 au 9 katika 10 za ile ya kwanza. Andikeni mlichotia na mbandike chini ya boneti.

GESI YA KUPIKIA HAPANA

Hili naliandika kwa nguvu. Wapo wanaojaza kiyoyozi kwa gesi ya mtungi wa jikoni, kwa sababu ni rahisi kupatikana. Ni kweli inapoza. Ni kweli pia kwamba ile sehemu ya ubaridi iko ndani pamoja na abiria, nyuma ya dashibodi. Ikivuja humo usiku, madirisha yamefungwa, cheche ya swichi au kiberiti cha mvuta sigara inatosha. Gari la kikundi hubeba watoto na wazee. Fundi akitoa shauri hilo, chukueni ufunguo wenu mwondoke. Na kama mmenunua gari na hamjui lilitiwa nini, mwambieni fundi aipime gesi iliyomo kabla ya kuongeza kitu. Asilehemu bomba lolote lenye gesi ndani. Hata R134a, ikikutana na moto mkali, hutoa moshi wenye sumu.

KUKITUNZA

Kiwasheni kiyoyozi dakika kumi kila wiki, hata majira ya baridi, hata kama mnakaa Njombe na ni mwezi wa Juni. Mpira wa shingo ya kompresa hupata mafuta kompresa inapozunguka. Usipozunguka kwa miezi mingi hukauka, na gesi hupita hapo. Gari likiwa limelala juani, fungueni kwanza milango, joto litoke, ndipo mwashe.

Dereva mmoja aliniuliza, maji yanayodondoka chini ya gari upande wa abiria kiyoyozi kikiwaka, je, rejeta imetoboka? Yaguse. Kama ni maji safi na baridi, yasiyo na rangi, ni unyevu uliotolewa katika hewa, na kiyoyozi chako ni kizima. Maji ya rejeta huwa na rangi na huteleza kidogo vidoleni. Lakini kama siku ya unyevu mwingi hakuna tone linaloanguka, na zulia la miguuni mwa abiria limelowa, basi mpira wa kutolea maji umeziba kwa matope. Uzibue kwa kijiti laini kutoka chini ya gari, na ukae kando, maana maji yatatoka kwa mkupuo.